MISTARI MIWILI, MSTARI MMOJA
Mkojo na dawa za maumivu za ukoo wa afyuni

Kijiji cha Mkula kipo chini ya Milima ya Udzungwa, kando ya barabara itokayo Kidatu kwenda Mang'ula na Ifakara. Upande wa milimani ni msitu wa hifadhi. Upande wa bondeni ni mashamba ya miwa na mpunga. Mtu aliyeshinda ameinama akikata miwa hahitaji kusomewa kitabu ili ajue maumivu ya mgongo ni nini, wala hahitaji kuelekezwa liliko duka la dawa. Hapo kwa kawaida atapata parasetamoli au diklofenaki, dawa ambazo hazina uhusiano wowote na afyuni. Lakini zipo dawa nyingine za kutuliza maumivu, zenye nguvu zaidi, ambazo ni za ukoo wa afyuni: mofini, pethidini, kodeini, tramadoli. Kwa mgonjwa wa saratani au mtu aliyevunjika paja dawa hizi ni neema kubwa. Kwa kijana anayezimeza bila ya ugonjwa ni hatari, kwa kuwa mwili huzizoea, hudai nyingi zaidi kila siku, na mwisho pumzi yenyewe huweza kusimama.

Siku hizi mzazi mwenye wasiwasi anaweza kununua utepe mdogo wa kuchovya katika mkojo, ambao humjulisha katika muda wa dakika chache kama mwanawe ametumia dawa za namna hiyo. Utepe huo ni kazi nzuri ya kemia na biolojia, na walimu wa masomo hayo watapata ndani yake mafunzo mengi. Tatizo ni kwamba husomwa kinyume kabisa cha vipimo tulivyovizoea, na asiyelijua hilo anaweza kumwadhibu mtoto asiye na kosa na kumsifu yule anayetumia.

Tufikirie vipimo viwili vinavyojulikana sana katika bonde la Kilombero: kile cha haraka cha malaria, ambacho hutumia tone la damu, na kile cha mimba, ambacho hutumia mkojo. Katika vyote viwili, mistari miwili maana yake ni "ndiyo", na mstari mmoja maana yake ni "hapana". Katika utepe wa mofini mambo hugeuka: mistari miwili maana yake ni kwamba dawa haikuonekana, na mstari mmoja maana yake ni kwamba huenda dawa imo. Kwa nini watengenezaji wakafanya jambo la kutatanisha namna hiyo? Jibu limo katika ukubwa wa molekuli, nasi tutalifikia baada ya kuwafahamu wahusika wenyewe.

UKOO WA AFYUNI

Afyuni ni utomvu wa mmea uitwao kwa jina la kisayansi Papaver somniferum. Mwanzoni mwa karne ya 19 mfamasia wa Kijerumani, Friedrich Sertürner, alifaulu kutoa ndani yake kemikali iletayo usingizi, akaipa jina la Morpheus, mungu wa ndoto wa Wagiriki wa kale, ndiyo mofini. Kodeini ilitolewa nchini Ufaransa mwaka 1832. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilianza kuuza heroini, ambayo hutengenezwa kwa kuibadilisha mofini kidogo, na ajabu ni kwamba iliuzwa kama dawa ya kikohozi.

Hizo tatu zinafanana kwa umbo kama ndugu wa tumbo moja. Pethidini, methadoni na tramadoli zilibuniwa baadaye katika maabara, na ukiichora molekuli ya tramadoli ubaoni kando ya mofini utaona mara moja kwamba hazifanani. Hata hivyo zote huingia katika kufuli zilezile za ubongo, ambazo wanasayansi walizithibitisha mwaka 1973. Basi kwa ubongo wote hawa ni jamaa. Kwa utepe, kama tutakavyoona, wengine ni wageni kabisa.

SAFARI YA KUELEKEA KIBOFU

Dawa ikishaingia katika damu, kiungo kinachoishughulikia zaidi ni ini. Kazi ya ini ni kuifanya dawa iyeyuke vizuri zaidi katika maji ili figo ziweze kuitoa. Mofini hufungwa pamoja na aina ya asidi itokanayo na sukari, na sehemu kubwa yake hutoka katika mkojo kabla ya saa 24 kupita. Heroini haikawii hata kidogo: kwa dakika chache hugeuka kuwa kemikali iitwayo monoasetilimofini, kisha ikawa mofini. Kodeini nayo, kiasi cha sehemu 1 katika 10 hivi, hugeuzwa kuwa mofini na kimeng'enya kimoja cha ini.

Kimeng'enya hicho hakina nguvu sawa kwa watu wote. Wapo waliorithi jeni yake kwa nakala mbili au zaidi katika kromosomu moja, na hao huigeuza kodeini kwa kasi kubwa. Uchunguzi uliotolewa mwaka 1996 ulionyesha kwamba watu 29 katika kila 100 waliopimwa nchini Ethiopia walikuwa na nakala za ziada za namna hiyo. Mtu wa aina hii akinywa kijiko kimoja cha dawa ya kikohozi yenye kodeini hupata mofini nyingi kuliko mwenzake aliyekunywa kijiko kilekile. Kwa mtoto mdogo jambo hilo limekwisha kuleta vifo katika nchi kadhaa, na ndiyo sababu madaktari wengi wameacha kuwapa watoto kodeini.

Tazama basi matokeo yake. Mzee aliyepewa mofini ya maji na hospitali, mama aliyekunywa dawa ya kikohozi yenye kodeini, na kijana aliyevuta heroini, wote watatu hufikisha katika kibofu kitu kilekile, yaani mofini. Kwa kawaida huonekana kwa muda wa siku moja hadi tatu.

KWA NINI MISTARI IMEGEUKA

Mwalimu anaweza kuanza somo hili kwa kipande cha chaki. Weka tone la wino mweusi karibu na mwisho wa chaki, uisimamishe katika maji machache yasiyofikia tone hilo, nawe utaona maji yakipanda na kuuchukua wino pamoja nayo. Utepe wa kupimia ni hivyohivyo: mkojo hupanda wenyewe katika karatasi yenye vinyweleo. Njiani hukutana na kingamwili zilizobandikwa chembe ndogo mno za dhahabu. (Wanafunzi watauliza kwa nini mistari si ya manjano. Dhahabu ikisagwa hadi kufikia chembe za namna hiyo huonekana nyekundu.)

Katika kipimo cha malaria kitu kinachotafutwa ni protini ya kimelea, tena kubwa. Kingamwili yenye dhahabu huishika upande mmoja, na kingamwili nyingine iliyogandishwa kwenye mstari huinasa kwa upande wa pili, kama mkate wenye siagi katikati. Palipo na protini, dhahabu hukusanyika na mstari huonekana. Hali kadhalika kipimo cha mimba, ambapo homoni inayotafutwa ina uzito wa molekuli upatao 37,000.

Uzito wa molekuli ya mofini ni 285 tu. Kingamwili moja ina uzito wa kiasi cha 150,000. Kingamwili mbili haziwezi kuishika molekuli ndogo namna hiyo kwa wakati mmoja, sawa na vile watu wawili wasivyoweza kuibeba punje moja ya mchele kwa mikono yote minne. Ilibidi watafute hila nyingine, nayo ni ya mashindano. Kwenye mstari wa kipimo hugandishwa mofini yenyewe. Ikiwa mkojo hauna mofini, kingamwili zenye dhahabu hufika mstarini mikono mitupu, zikaishika mofini iliyogandishwa, na mstari mwekundu ukaonekana. Ikiwa mkojo una mofini, kingamwili huwa zimekwisha kujaza mikono yao njiani. Hupita mstarini bila kusimama, na mahali pale hubaki peupe. Mstari wa pili, ule wa udhibiti, hunasa kingamwili kwa njia nyingine na hutokea katika hali zote mbili. Usipotokea, utepe umeharibika na jibu lolote litupwe.

Hapo wengi hukosea jambo lingine. Mstari uliofifia bado ni mstari. Mzazi akiona mstari wa kipimo ni hafifu kuliko wa udhibiti, asiseme kwamba mwanawe ametumia kidogo. Jibu ni "haikuonekana", wala utepe haupimi wingi.

Kila utepe umewekewa kiwango ambacho chini yake hausemi kitu. Tepe nyingi za mofini huwekewa nanogramu 300 katika mililita 1, nyingine 2,000. Nanogramu 300 katika mililita ni sawa na kuyeyusha gramu 1 ya chumvi katika mapipa 16 au 17 ya lita 200. Marekani iliinua kiwango chake katika upimaji wa wafanyakazi wa serikali kutoka 300 hadi 2,000 mwaka 1998, kwa sababu watu waliokula mikate yenye mbegu za mmea wa afyuni walikuwa wakionekana kama watumiaji. Sisi mikate hiyo si chakula chetu, kwa hiyo tuliache.

MKOJO NA UCHUNGUZI KATIKA KILOMBERO

Kuchunguza mkojo si jambo geni katika bonde hili. Profesa Rudolf Geigy wa Uswisi alianzisha maabara Ifakara mwaka 1957, na kutokana na mbegu hiyo imekua taasisi ambayo tangu mwaka 2008 inaitwa Taasisi ya Afya Ifakara. Kwa wanafunzi wa pande hizo, neno mkojo na neno maabara huleta kwanza fikra ya kichocho: chembe za damu, mayai ya kimelea chini ya hadubini.

Dawa nayo ilitafutwa katika mkojo zamani kabla ya tepe hizi. Mwaka 1970 kilielezwa kipimo kiitwacho Dill na Glazko, cha kutambua klorokwini. Rangi iitwayo eosini iliyochanganywa na klorofomu hutiwa katika mkojo na kutikiswa. Ikiwa klorokwini imo, umanjano hugeuka kuwa wekundu wa zambarau. Kipimo hicho kilitumika sana katika uchunguzi wa malaria katika nchi za joto, maana mtafiti alitaka kujua kama mgonjwa alikwisha kumeza dawa kabla ya kufika kwake. Mara nyingi mgonjwa alisema hakumeza, na mkojo ukasema amemeza. Wala hakuwa mwongo! Klorokwini hukaa mwilini kwa majuma mengi, na vidonge alivyomeza mwezi uliopita, ambavyo pengine amekwisha kuvisahau, vilikuwa bado vikitoka. Tanzania iliacha kuitumia klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, lakini fundisho hilo la mkojo lingali na kazi: kipimo hueleza kilichomo katika mkojo, na habari za lini, kwa nini na kwa kiasi gani lazima zitafutwe kwingine.

Upimaji wa dawa za ukoo wa afyuni kwa watu wengi ulipata msukumo mkubwa mwezi Juni 1971, Serikali ya Marekani ilipoamuru askari wake wapimwe mkojo kabla ya kuondoka Vietnam. Tangu hapo mbinu ya kutumia kingamwili, ambayo msingi wake ulimpatia Dkt. Rosalyn Yalow Tuzo ya Nobel mwaka 1977, imepunguzwa umbo kutoka mashine ya ukubwa wa meza hadi utepe wa kutia mfukoni.

UTEPE USIPOONA, NA UTEPE UNAPOSINGIZIA

Kwanza, kutoona. Kingamwili ya utepe wa mofini hutambua umbo la mofini na ndugu zake wa karibu. Tramadoli haina umbo hilo, wala pethidini, methadoni na fentanili. Kijana aliyemeza vidonge vingi vya tramadoli asubuhi ataonyesha mistari miwili mizuri jioni, na mzazi atalala kwa amani. Zipo tepe za tramadoli na za methadoni, kila moja peke yake au zilizounganishwa katika kadi moja. Asiyesoma jina lililoandikwa juu ya kila utepe hajui alichopima.

Habari ya tramadoli ina kisa chake cha kupendeza, ambacho nakiweka hapa kwa ajili ya walimu wa biolojia. Mwaka 2013 wanasayansi walitangaza kwamba wameikuta tramadoli katika mizizi ya mti mmoja wa dawa nchini Kameruni, na ulimwengu wa kemia ukastaajabu kwamba mti umeweza kutengeneza dawa iliyobuniwa na binadamu maabarani. Mwaka uliofuata wenzao walitoa maelezo mengine: wakulima wa sehemu hizo hunywa tramadoli ili wastahimili kazi ya jua kali, tena huwapa ng'ombe wao wa kulimia, dawa hutoka katika mkojo, huingia udongoni, na mizizi huifyonza. Mjadala huo ulikuwa mkali, lakini ushahidi wa mkojo ni mzito.

Pili, kusingizia. Rifampisini, dawa ambayo mgonjwa wa kifua kikuu humeza kila siku kwa miezi sita, imeonekana kuleta jibu la uongo la "ndiyo" katika baadhi ya vipimo vya afyuni vitumiavyo kingamwili. Juu ya hayo huupa mkojo rangi ya machungwa, ambayo huweza kumpa taabu anayesoma mistari. Dawa za kuua bakteria ziitwazo levofloksasini na ofloksasini zimeleta kosa kama hilo. Fikiria mwanafunzi aliyeanza dawa za kifua kikuu na ambaye hakutaka wenzake wajue. Anakonda, anasinzia darasani, mwalimu anamshuku, utepe unaonyesha mstari mmoja. Dalili zote "zinakubaliana", na zote ni za ugonjwa.

Joto nalo lina sehemu yake. Tepe nyingi huandikwa zitunzwe chini ya nyuzi 30 za Selsiasi, na mchana wa Kilombero hauzingatii maandishi hayo, hasa ndani ya chumba chenye paa la bati. Mwanafunzi mwerevu atalitatua swali hili mwenyewe: utepe wa malaria ulioharibiwa na joto, mstari wake wa kipimo ukidhoofika, utakosea upande gani? Utasema hakuna malaria ilhali ipo. Utepe wa mofini ukidhoofika vivyo hivyo, mstari ukakataa kutokea, utasema dawa ipo ilhali haipo. Uharibifu uleule, lakini safari hii anayeumizwa ni asiye na kosa.

Na hata utepe usioharibika una hesabu yake. Tuchukue mfano wa kubuni: shule ina wanafunzi 500, na kati yao 5 wametumia dawa inayoweza kuonwa na utepe. Tuseme utepe unawakamata wote 5, na kwa wale wasiotumia unakosea mara 2 katika kila 100. Wasiotumia ni 495, kwa hiyo karibu 10 kati yao watasingiziwa. Walioonyesha mstari mmoja ni 15. Wenye kutumia ni 5. Mwalimu mkuu atakayewafukuza wote 15 atakuwa amewafukuza wasiohusika wawili kwa kila mhusika mmoja, kwa kipimo ambacho muuzaji alikisifu kuwa ni sahihi kwa asilimia 98. Darasa la hesabu libadilishe tarakimu lione lenyewe kinachotokea watumiaji wakiwa 50.

MGONJWA NA MTUMIAJI

Lipo kundi ambalo kwa maoni yangu hudhulumiwa kuliko yote. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa wa seli mundu. Maumivu ya mifupa ya ugonjwa huo yakizidi, hospitali hutoa dawa za ukoo wa afyuni, nayo ni tiba halali. Vivyo hivyo wagonjwa wa saratani wanaotoka Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, huweza kurudi kwao na chupa ya mofini ya maji. Nchini Uganda, shirika la Hospice Africa Uganda, lililoanzishwa mwaka 1993 na Dkt. Anne Merriman, limewafundisha watu wengi wa Afrika kwamba mofini inayotolewa kwa utaratibu humwezesha mgonjwa kulala, kula na kuzungumza na wanawe. Mkojo wa wagonjwa hawa utaonyesha mstari mmoja, na ndivyo unavyotakiwa kuonyesha.

Kwa upande mwingine, wenye utegemezi wa heroini wana tiba. Mwezi Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dozi ya kunywa kila siku mbele ya mhudumu, na baadaye huduma hiyo ikaenea Zanzibar na mikoa mingine. Huko mkojo hupimwa kwa ajili ya kuongoza tiba, na kwa kuwa utepe wa mofini hauioni methadoni, mgonjwa anayekunywa methadoni tu huonyesha mistari miwili, na aliyerudia heroini huonyesha mmoja. Hapo udhaifu wa utepe umegeuka kuwa faida.

Kijana asiyeamka hata akitikiswa, anayepumua polepole au kwa kukoroma, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya kalamu, asipimwe mkojo nyumbani. Apelekwe mara moja kituo cha afya au hospitali, alazwe ubavu njiani, na mhudumu aelezwe kinachoshukiwa, maana ipo dawa iitwayo naloksoni inayozitoa dawa hizi katika kufuli za ubongo kwa dakika chache.

Anayetaka kupima kwa uangalifu huanza kwa kuuliza, tena kwa upole, dawa zote alizotumia mpimwaji katika juma zima lililopita: za hospitali, za dukani, za kikohozi, na za kifua kikuu. Mkojo ukionyesha mstari mmoja, sehemu ya mkojo uleule huhifadhiwa kwa baridi na kupelekwa maabara yenye mashine ya kutenganisha na kupima uzito wa molekuli. Kwa kesi za kisheria hapa Tanzania kazi hiyo ni ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Mashine haidanganywi na rifampisini, kwa kuwa uzito wa molekuli yake ni 823. Huitofautisha kodeini na mofini, na ikiikuta monoasetilimofini hujua kwamba heroini ilitumika, kwa kuwa si mofini ya hospitali wala kodeini iwezayo kuizaa. Lakini kemikali hiyo hutoweka katika mkojo kwa saa chache, mara nyingi kabla ya siku moja kwisha. Mkojo uliochukuliwa siku ya pili huweza kubaki na mofini peke yake, na hapo mashine nayo hulazimika kusubiri maelezo ya mgonjwa na cheti chake cha hospitali.